Muhuri wa Mume Wangu Uko Kiunoni mwa Mama Mkwe

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja. Mwenyeji akapona, akanawiri, akaota na mashavu. Aliyeugua ni mgeni.

Naitwa Sen. Kwetu Vietnam, kando ya mto Hau, Sen ni yungiyungi, ua linalochanua topeni lisichafuke. Huku Korea neno hilohilo, masikioni mwao, ni “kali”. Siku mama mkwe aliposikia jina langu kwa mara ya kwanza alicheka hadi akashika ukuta. “Gicheol,” alimwambia mwanawe, “umevuka bahari nzima kwenda kuniletea Kali?”

Kwa aliyechelewa kunisoma: Pyo Gicheol, mkulima wa mapeasi wa Naju, alinioa, na kufikia Septemba hiyo ya 2009 nilikuwa nimekaa kwake miaka miwili na nusu. Mtoto hatukuwa tumepata. Kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa kinakwisha Ijumaa, tarehe kumi na nane.

Ili kiongezwe, ofisi ya uhamiaji ilitaka hati ya udhamini yenye muhuri wa mume. Sahihi ya kalamu haikutosha. Muhuri, kile kijiwe chenye jina lake kilichoandikishwa serikalini. Na mume wangu, mwanamume wa miaka arobaini na sita mwenye mvi za pembeni, muhuri wake alikuwa hajaukamata mkononi tangu baba yake afe. Ulikaa ndani ya kifuko cha kitambaa, kiunoni mwa mama yake.

Katika simulizi ya wiki iliyopita niliishia mezani. Ilikuwa siku ya tambiko la marehemu baba mkwe. Nilimwuliza mume wangu baba yake alipenda tunda gani. Akasema mapichi, alikuwa akiyala hadi maji yanamchuruzika viwikoni. Kwetu marehemu huandaliwa kile alichokipenda akiwa hai. Basi nikachagua mapichi manono, nikayaosha, nikayapanga kwenye ile sahani yenye mguu, mbele ya picha yake.

Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba pilipili na kitunguu saumu haviwekwi kwenye meza ile. Mapichi hakuna aliyenitajia. Kwao, pichi hufukuza roho za wafu.

Nilikuwa nimemkaribisha mzee kwa kumfungia mlango.

“Umemfukuza!” Mama mkwe alipiga ukelele, sahani ikaruka, mapichi yakabiringika hadi miguuni pa mwanawe. “Anakuja mara moja kwa mwaka, na njaa yake, umemtimua mlangoni mwake mwenyewe! Hata wale wa uhamiaji wangempa siku saba!”

“Mama, mwanao ndiye aliyeniambia mzee anapenda mapichi.”

“Nilisema alipenda,” mume wangu akadakia, macho kwenye mkeka. “Sikusema uyaweke.”

“Uliniona nikiyaosha.”

“Nilidhani ni ya kula.”

“Kwenye sahani ya tambiko?”

Akanyamaza. Mume wangu ana kipaji cha kunyamaza. Angekuwa anauza kunyamaza kwake sokoni, tungekuwa matajiri.

Mama mkwe alivuta kifuko chake kutoka chini ya blauzi, akakipigapiga kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni.

“Sikia, wewe Kali. Muhuri haupigwi. Utaandika barua ya kuomba radhi, utaisoma umepiga magoti mbele ya picha hii, utatia dole gumba. Hapo ndipo tutazungumza habari za kibali.”

Nakiri jambo. Ningeiandika. Diploma yangu ni ya ualimu wa lugha, na barua ya kuomba radhi kwangu ni kazi ya dakika kumi, tena ningeipakaza machozi mahali panapostahili. Nilikuwa tayari kupiga magoti hata mbele ya gunia la mbolea, alimradi nipate ule muhuri.

Nilitaka kitu kimoja tu. Kibali kikishaongezwa, ningeomba uraia, kwa sababu miaka yangu miwili ya ndoa ilikuwa imetimia. Nikishapata uraia, sitahitaji tena muhuri wa mtu ili niamke asubuhi nikiwa halali.

“Leteni karatasi,” nikasema.

“Usijisumbue,” mama mkwe akajibu. “Gicheol atakuandikia. Wewe Kikorea chako ni cha kununulia samaki.”

Hilo lilinichoma kuliko yote. Nilimeza. Watu wale walinijua kwa mdomo wangu, hawakunijua kwa macho yangu. Kila Jumanne na Alhamisi kwa miaka miwili nilikuwa darasani kwenye kituo cha wake wa kigeni. Kuongea bado nilikuwa najikwaa. Kusoma, nilisoma hadi maandishi madogo yaliyo nyuma ya chupa za dawa.

Barua ikaja siku tatu baadaye, nusu ukurasa, imepigwa taipu. Kikopo cha wino mwekundu kimefunguliwa tayari, kinanisubiri dole.

“Tia hapa,” mume wangu akasema. “Ni mambo ya mapichi tu.”

Nikasoma. Nikatafuta mapichi. Hapakuwa na pichi hata moja.

Kulikuwa na hivi: “Mimi, Huynh Thi Sen, nakiri kwamba kuharibika kwa ndoa hii ni kosa langu mwenyewe.”

Nikajifanya sielewi. “Herufi nyingi sana hizi,” nikasema, nikacheka kijinga. “Nitaisoma polepole, nitie dole nikiwa na moyo safi.” Nikaikunja, nikaitia kifuani.

Nilimpigia simu dada Luyen nikiwa juu ya ngazi shambani, kichwa ndani ya matawi ya mpeasi. Dada Luyen ni wa kwetu, mke wa fundi matrekta, ana miaka minane nchini na ni mkalimani kwenye kile kituo. Tuliongea lugha yetu. Lugha ya mama ina raha yake, unaweza kulia ndani yake bila kukosea sarufi.

“Nisomee neno kwa neno,” akasema.

Nikasoma. Nilipofika kwenye “kosa langu” akanikata.

“Simama hapohapo. Rudia.”

“Kosa langu mwenyewe.”

“Mdogo wangu, shuka kwenye hiyo ngazi usije ukaanguka. Mke asiye na mtoto akiachika, ofisi inauliza swali moja tu: kosa la nani? Likiwa la mume, mke anabaki. Likiwa la mke, anaonyeshwa uwanja wa ndege. Hiyo uliyoshika siyo barua, ni koleo la kukuchimbia kaburi.”

“Kwa nini wanifukuze, dada? Nafanya kazi kama punda wawili.”

“Kwa sababu unakaribia uraia. Wamesikia kwamba wake wa kigeni wakipata kitambulisho hutoroka. Wanaona heri wakutoe wao kabla hujatoka mwenyewe.”

“Sasa nifanyeje?”

“Safisha choo wakitaka. Msugue mama mkwe mgongo hadi ung’ae. Lakini popote palipoandikwa kosa, dole lako usilisogeze. Umenisikia? Hata wakikupigia magoti wao.”

Nikashuka kwenye ngazi. Mapeasi mikononi mwangu yakawa mazito kama mawe.

Jumatano jioni mambo yakageuka. Mama mkwe aliniandalia kitoweo mwenyewe, akanichambulia samaki miiba kwa vidole vyake. Mama mkwe aliyekutukana asubuhi akikuchambulia samaki jioni, tafuta mlango uko wapi.

“Nimekuwa mkali mno,” akasema. “Barua hiyo tuiache kwanza. Jumatatu utaenda Mokpo kwa wifi yako, mgongo unamsumbua, ukamsaidie siku mbili. Ukirudi, tutakupigia muhuri.”

“Ahsante, Mama.”

“Kula. Na kesho unisindikize hamamu, ngozi inaniwasha.”

Mume wangu aliangalia bakuli lake. Hakuinua uso hata mara moja.

Nilikula, na kichwani nikapiga mahesabu. Mama mkwe hakivui kile kifuko akilala. Hakivui akipika. Lakini hakuna binadamu anayeoga na kifuko cha kitambaa.

Hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipotenda. Alhamisi, kwenye kikapu changu cha kuogea, chini ya sabuni na kile kitambaa cha kijani cha kusugulia, niliweka mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na hati ya udhamini, imejazwa yote isipokuwa muhuri, na kile kikopo cha wino mwekundu walichonifungulia wao wenyewe.

Mume wangu alitupeleka kwa pikapu, akabaki nje akivuta sigara.

Kifuko, nguo, vyote vikaingia kabatini. Namba arobaini na tatu. Ufunguo mama mkwe akauvaa mkononi kwa mpira wake.

Mvuke. Wanawake wa mtaa wote, uchi kama walivyozaliwa, wamekaa kwenye vigoda. Mama mkwe akalala kifudifudi, nikaanza kusugua.

“Sugua, unanipapasa kama unapima kitambaa!”

Nikakaza. Uchafu ukatoka umejisokota kama tambi.

“Mama Gicheol, mkwe wako ana mkono!” jirani mmoja akasifu.

“Mkono anao. Kichwa ndicho walichosahau kumpakilia. Hamkusikia? Amemtimua marehemu kwa mapichi!”

Hamamu nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikasugua bega, nikasugua kiwiko, nikafika kwenye kifundo cha mkono.

“Mama, huu ufunguo unanikwaruza. Niuweke pembeni?”

“Weka, weka. Usiache hapo mgongoni, hapohapo, aaah.”

Nilipomaliza mgongo alikuwa amefumba macho. Nikasema nakwenda kunywa maji. Nikatoka na kikapu, na ufunguo mdomoni.

Arobaini na tatu. Kifuko. Kamba yake ilikuwa na mafundo matatu, nikayafungua kwa meno. Muhuri huo, mdogo kuliko kidole changu cha mwisho. Nikapangusa mikono, nikaiweka hati juu ya benchi, nikabonyeza.

Pyo Gicheol. Jekundu, duara, limekaa vizuri kabisa. Jambo lililoninyima usingizi mwaka mzima lilimalizika kwa pumzi moja.

Ningerudisha muhuri, nikafunga mafundo yangu matatu, hadithi hii ingekwisha leo. Lakini ndani ya kifuko mlikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, na mimi karatasi siwezi kuiacha bila kuisoma.

Juu iliandikwa: Taarifa ya Mke Kutoroka.

Chini yake: “Mke wangu, raia wa Vietnam, ameondoka nyumbani leo asubuhi bila ruhusa wala sababu na hajulikani aliko. Naondoa udhamini wangu kwake.”

Tarehe: Jumatatu, kumi na nne Septemba.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi.

Mokpo kwa wifi. Mgongo unamsumbua. Siku mbili. Kumbe ningekuwa napika uji kwa wifi huku nyumbani natangazwa nimetoroka.

Muhuri ulikuwa umeshapigwa chini yake. Lakini kilichonikalisha chini kwenye lile benchi la baridi hakikuwa muhuri, maana muhuri mama angeweza kuupiga peke yake. Taarifa ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Herufi zimelala upande, kama mtu anayeegemea ukuta. Mwandiko huo naujua. Ndio ulioandika kadi ya harusi yangu.

“Mwizi!”

Mama mkwe alikuwa mlangoni, anachuruzika maji, kitambaa cha kijani mkononi kama bendera.

“Jamani, mwizi! Ameiba muhuri wa mwanangu!”

Wanawake wakamwagika kutoka kwenye mvuke. Mwenye hamamu akakimbia simuni, na kituo cha polisi kiko ng’ambo ya barabara. Nilipata muda wa kuvaa gauni tu, nalo nikalivaa kinyume. Karatasi zote mbili nilikuwa nimezibana kwapani.

Sajini Tak alitukuta sebuleni, pale watu wanapovulia viatu. Mtu wa hapahapa, alisoma darasa moja na mume wangu. Gicheol naye aliitwa kutoka kwenye pikapu. Alipoiona ile karatasi iliyokunjwa mara nne, sigara ilimponyoka.

“Mfunge!” mama mkwe akasema, taulo kichwani. “Ameiba muhuri, amejipigia hati ya serikali! Tazama wino uko vidoleni!”

Sajini akaitazama hati ya udhamini. Akanitazama mimi. “Ni kweli, shemeji?”

“Muhuri nimeupiga mimi, Afande. Na hii aliipiga nani?” Nikamfunulia ile ya pili, nikaishika pembe zote mbili. “Isome tarehe. Kwa sauti, tafadhali.”

“Jumatatu, tarehe kumi na…” Akageuka kutazama kalenda ukutani. “Leo Alhamisi.”

“Basi nimetoroka, Afande. Ila bado sijafika.”

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo.

“Hiyo… hiyo ni rasimu,” mume wangu akasema.

“Rasimu yenye muhuri, bwana Gicheol?”

Mimi nikamgeukia. Sikutaka kumwuliza mbele ya watu, lakini mbele ya watu ndipo tulipokuwa.

“Uliandika wewe?”

“Mama alisema ungeondoka tu.”

“Nimekuuliza wewe.”

Alivuta pumzi. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, maana ndiyo pekee ya kweli aliyonipa kwa miaka miwili na nusu.

“Ukiniacha, mji mzima utanicheka. Ukiwa umetoroka, watanihurumia.”

Niliiangalia mikono yake, mikono ile ya mkulima, na kwa muda mfupi nilimwonea huruma kweli. Halafu nikakumbuka ule uji wa Mokpo.

Sajini Tak alikuna shingo. Alivuta kigoda akakaa, akafungua kitabu chake juu ya goti.

“Sikilizeni. Nikiandika habari za huu muhuri, mkwe ana kesi, na kibali chake kimekwenda na maji. Nikiandika habari za hii taarifa, Mama na Gicheol mna kesi, mmeidanganya serikali. Sasa mimi nijaze kitabu changu kwa ajili ya nyumba moja? Tuyamalize kinyumbani. Mkwe atamwomba radhi mama yake, hapa, na ataandika mstari mmoja humu kwamba amekosa. Gicheol atasema muhuri alimpa mkewe kwa mkono wake. Hii ya kutoroka naichana sasa hivi. Hati inabaki na muhuri wake, kibali kinapatikana. Kuna ubaya gani hapo?”

Wanawake wakaguna kwa kukubali. Ilikuwa hukumu nzuri. Mama mkwe mwenyewe alilegea mabega.

Nakiri tena: nilitamani. Muhuri ule, kibali kile, nilivionja ulimini. Kalamu ilikuwa mbele yangu.

Lakini niliutazama mstari alioniachia Sajini wazi, nikaona neno litakalokaa pale. Kosa. Kwa mkono wangu, kwenye kitabu cha polisi. Na karatasi ya pekee inayoonyesha kosa ni la nani, Sajini alikuwa amenyoosha mkono aichukue aichane. Leo ningerudi nyumbani na kibali cha mwaka mmoja. Siku mama mkwe atakapochoka nami, mwezi ujao au mwakani, mstari wangu ungekuwa unamsubiri.

Nikavuta karatasi nyuma, nikaikalia.

“Usiichane hiyo, Afande.”

“Shemeji, nakusaidia.”

“Najua. Usiichane.”

Sajini akashusha pumzi, akamgeukia mume wangu. “Basi sina njia. Jibu, bwana Gicheol, naandika. Muhuri ulimpa, au hukumpa?”

Jibu lake lingekuwa neno moja, na ndani ya neno hilo nilikuwamo mimi mzima. Alimtazama mama yake. Akanitazama mimi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, akaniita kwa jina langu bila kulifanya mzaha.

“Sen. Muombe radhi Mama kwanza. Neno moja tu. Ukilisema, nami nitasema nilikupa.”

“Na nisipolisema?”

Kalamu ya Sajini ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

Nikapiga magoti. Wanawake wakashusha pumzi, mama mkwe akaweka sawa taulo lake kupokea heshima yake. Nikainama hadi paji la uso likagusa sakafu, kama nilivyofundishwa na nyumba ile, kisha nikainuka nikamtazama usoni.

“Mama, pole ninayo. Pole kwa mume uliyempoteza, na pole kwa hofu uliyonayo ya kubaki peke yako na mwana asiyejua kusema. Hiyo nakupa yote, ichukue.”

Nikasimama.

“Radhi siombi. Siombi kwako, wala kwa mwanao, wala kwenye kitabu hicho. Andika hivyo, Afande. Kama hujui tahajia ya jina langu, nitakutajia.”